Mbwa wa Baba, Uchafu wa Mama?

Mbwa analinda boma usiku kucha. Asubuhi anaacha "zawadi" yake uani. Nani aizoe, na iende wapi? Hili si suala la usafi tu, ni suala la mapenzi, afya na mazingira.

Ukiishi Tarime au Serengeti, mbwa si pambo. Ni mlinzi wa ng'ombe, ni kengele ya mlango, na kwa baba wengi ni sifa. Baba ndiye anayemleta nyumbani, ndiye anayempa jina, ndiye anayewaambia wageni, "Huyu mbwa wangu bwana, si mchezo!" Lakini kukipambazuka, anayeshika fagio ni mama, au dada wa kazi, au mtoto wa shule. Kinyesi kinasukumwa kwenye migomba au mtaroni, siku inaendelea. Mvua ikinyesha, kinasafiri chenyewe.

Nimepiga stori na akina mama wa Mugumu na Tarime mjini kuhusu jambo hili. Mwanzoni walicheka. Kicheko kilipoisha, yakaanza kutoka ya moyoni. Mmoja alinieleza kuwa yeye na mumewe hawajawahi kugombana kwa ajili ya pesa kama walivyogombana kwa ajili ya mbwa. Mwingine ni mpangaji, mbwa ni wa mwenye nyumba, na mwanawe ndiyo kwanza anatambaa. Anaona aibu kusema, anaogopa ataambiwa ahame.

Basi msomaji wangu, tukae chini tulizungumze.

Samadi siyo hii

Mara ni nchi ya ng'ombe. Kinyesi cha ng'ombe ni mali: kinasiriba nyumba, kinarutubisha shamba, na kwa wenye mtambo kinatoa gesi ya kupikia. Ndiyo maana wengi wanadhani cha mbwa nacho ni hivyo hivyo, ukitupa kwenye mchicha utastawi.

Tofauti iko kwenye chakula. Ng'ombe anakula majani. Mbwa anakula nyama, mifupa, makombo, panya na chochote alichookota machinjioni. Minyoo inayoishi tumboni mwake, mingine inaweza kuishi au kutangatanga mwilini mwa binadamu. Na uchafu wenyewe si haba. Kwa makadirio ya Marekani, mbwa mmoja wa ukubwa wa kati hutoa zaidi ya gramu 300 kwa siku, yaani zaidi ya kilo 100 kwa mwaka. Hata ukisema mbwa wako ni mdogo na hashibi sana, chukua nusu yake: kilo 50 uani kwako, palepale wanapocheza watoto.

Kuna nini ndani?

Wa kwanza ni mnyoo wa mviringo, ambao watoto wa mbwa huzaliwa nao au huupata kwenye maziwa ya mama yao. Mayai yake yakitoka leo, hayamdhuru mtu leo. Yanahitaji kama wiki mbili au zaidi kwenye udongo ndipo yakomae, kisha yanaweza kukaa hapo kwa miaka. Mtoto akila udongo au akilamba vidole, viluwiluwi vinatembea mwilini mwake, na vikifika jichoni vinaweza kuharibu uwezo wake wa kuona. Umeona faida ya kuzoa kila siku? Unauondoa uchafu kabla mayai hayajapata nguvu.

Wa pili ni tegu mdogo sana, wa milimita chache tu. Mbwa humpata akila maini au mapafu mabichi yenye vifuko vya maji, vile ambavyo mchinjaji huvikata na kuvitupa. Mayai ya tegu huyu ni hatari tangu siku ya kwanza. Mtu akiyameza kwa mikono michafu, mboga au maji, vifuko kama vile vinaota kwenye ini au mapafu yake, vinakua taratibu kwa miaka, na mara nyingi mwisho wake ni upasuaji. Kule Turkana, Kenya, tatizo lilikuwa kubwa kiasi kwamba Amref iliendesha mpango maalumu wa kupambana nalo miaka ya 1980.

Wa tatu ni wa kwenye nyayo: minyoo ya safura ya mbwa. Viluwiluwi vyake hupenya ngozi ya miguu iliyo peku na kuacha mistari inayowasha kupita kiasi.

Kichaa cha mbwa hakimo kwenye orodha hii. Hicho kinaambukizwa kwa mate, hasa kwa kung'atwa, na dawa yake ni chanjo.

Na mbwa wako hajali mipaka ya uzio. Mwaka 1994 ugonjwa wa distempa uliua takriban theluthi moja ya simba wa Serengeti, na watafiti wakawatazama mbwa wa vijiji jirani kama chanzo. Distempa husambaa zaidi kwa hewa na majimaji ya mnyama mgonjwa. Ila pavo, inayoua watoto wa mbwa kwa kuharisha damu, husambaa kwa kinyesi, na virusi vyake hukaa kwenye udongo kwa miezi. Ndiyo maana mbwa wa vijiji vinavyozunguka hifadhi wamekuwa wakichanjwa dhidi ya kichaa, distempa na pavo. Zoezi likifika kijijini kwako, mpeleke wako.

Njia tatu rahisi za kukimaliza

1. Choo cha shimo. Hii ndiyo namba moja, na haina gharama. Zoa kwa koleo au chepe, mwaga chooni, kwisha. Kama huna koleo, tumia jani la mgomba au gazeti la zamani, navyo vitaoza. Ukitumbukiza plastiki, shimo litajaa kabla ya wakati. Na mifuko ya rambo usiitafute tena, imepigwa marufuku Tanzania tangu Juni 1, 2019.

2. Shimo la mbwa. Kama choo ni cha kuvuta, au mbwa ni wengi, chimba shimo la kama mita moja kwenda chini na ulifunike kwa mfuniko mzito. Kila ukimwaga, juu yake tia majivu au majani makavu na udongo kidogo, harufu na nzi vitapungua. Likikaribia kujaa, lifukie na upande mti wa kivuli. Liwe angalau mita 30 kutoka kisimani au mtoni. Tarime kuna miinuko mingi, kwa hiyo angalia pia mteremko: shimo lisikae upande wa juu wa kisima.

3. Kufukia palepale. Kwa wenye eneo kubwa, sentimita 30 kwenda chini zinatosha, mbali na bustani ya mboga na mahali pa kuchezea watoto.

Vipi kuhusu mboji? Inawezekana, ila ni kazi. Huko Fairbanks, Alaska, wafugaji wa mbwa wa kuvuta sileji walifanya majaribio ya kuchanganya kinyesi na vumbi la mbao na kuligeuza rundo mpaka joto lipite nyuzi 60. Pamoja na juhudi zote hizo, mwongozo wao wa mwaka 2005 ulisema mbolea hiyo isiwekwe kwenye mazao ya chakula. Gesi nayo inatoka: mwaka 2010 mjini Cambridge, Massachusetts, taa ya bustani iliwashwa kwa kinyesi cha mbwa. Lakini kama mtambo wako wa gesi unalisha shamba la mboga, usichanganye kabisa.

Anza na bakuli lake

Usimpe mbwa maini na mapafu mabichi. Yachemshe vizuri au uyafukie kwa kina asichoweza kufukua. Mpe dawa ya minyoo kila baada ya miezi mitatu, na watoto wake waanze wakiwa na wiki mbili. Afisa mifugo wa kata atakuelekeza dawa na kipimo. Siku chache baada ya dawa, zoa kwa umakini zaidi, maana mayai yanayotoka na minyoo bado ni mazima.

Sasa, nani ashike koleo?

Mwenye mbwa. New York, Marekani, sheria inamtaka hivyo tangu mwaka 1978. Sisi hatuhitaji polisi, tunahitaji mazungumzo. Usimvizie mumeo akiwa mbele ya marafiki zake, atajisikia umemvunjia heshima. Subiri ameshakula, ametulia, halafu sema, "Baba Bhoke, mbwa wako anatulinda vizuri. Naomba tusaidiane: asubuhi mimi nafagia, wewe unazoa chake kabla mtoto hajatoka nje." Na wewe baba, mura kwelikweli hapungukiwi kitu kwa kushika koleo dakika tano.

Kwa mpangaji, nenda na suluhisho mkononi. Mwambie mwenye nyumba, "Mzee shikamoo, naomba tuchimbe shimo pale nyuma, mimi na wenzangu tutachangia nguvu." Ukianza na lawama, atasikia lawama tu.

Mtoto asipewe kazi hii peke yake. Anayezoa avae viatu, atumie koleo, anawe kwa sabuni. Koleo hilo lisiende shambani wala zizini. Lining'inize karibu na choo, lijulikane ni la mbwa. Kesho asubuhi, kabla ya chai, baba ndiye wa kwanza kulishika.