Uyoga si Mmea: Tuwaeleze Nini Watoto Wetu?



Mvua za kwanza zinyeshapo Ndalambo, wilayani Momba, kina mama na watoto huingia katika miombo asubuhi na mapema kutafuta uyoga. Mtoto akiuliza, "Mama, huu ni mmea gani?", wengi wetu humtajia jina la kienyeji, basi. Jibu la sawa ni kwamba uyoga si mmea. Wala si mnyama.

Hata wataalamu walichukua muda mrefu kulikubali hilo. Mwaka 1735, Carl Linnaeus wa Sweden aliwagawa viumbe hai katika himaya mbili, wanyama na mimea, na uyoga ukahesabiwa pamoja na mimea. Mwaka 1969, Robert Whittaker wa Marekani alitoa mgawanyo wa himaya tano: wanyama, mimea, kuvu, protista na monera, yaani bakteria. Tangu hapo himaya ya bakteria imegawanywa tena, lakini kuvu, ambamo uyoga umo, wamebaki na himaya yao.

Hoja ni zipi? Mmea una ukijani, nao hujitengenezea chakula kwa mwanga wa jua. Uyoga hauna ukijani huo. Hufyonza chakula kilichotengenezwa na viumbe wengine. Kuta za seli zake zina kitini, kitu kile kile kilichomo katika gamba la panzi. Na hicho tunachokichuma ni mfano wa tunda tu; mwili wenyewe ni nyuzi nyembamba zilizotanda ardhini.

Hapa ndipo penye funzo kubwa. Nyuzi za uyoga mwingi wa miombo zimeshikamana na mizizi ya miti hai. Mti huupa uyoga sukari, nao uyoga huupa mti maji na madini. Basi anayeifyeka miombo yote kwa ajili ya mkaa asishangae kapu la mkewe likirudi tupu.

Katika himaya hiyo hiyo mna hamira ya maandazi yetu, na kuvu aliyetupatia penisilini, iliyogunduliwa mwaka 1928. Mna pia kamaa, uyoga wa jangwani uliotajwa katika hadithi zilizopokewa na Bukhari na Muslim. Lakini mna na kuvu wa mahindi na karanga zisizokaushwa vyema, ambao sumu yao iliua watu Dodoma na Manyara mwaka 2016.

Kwa hiyo kuijua himaya hakutoshi kumwambia mtu ale nini. Ndani ya jenasi moja, Amanita, mna uyoga uliwao sana katika miombo na mna unaoua. Sumu ya huo unaoua haiondoki kwa kupikwa, na dalili zake huchelewa saa sita au zaidi. Mgonjwa huweza kuonekana amepata nafuu, kumbe ini linaharibika.

Wazazi wenzangu, uyoga usioujua uache pale pale ulipoota. Aliyekula akatapika, akimbizwe hospitali pamoja na mabaki ya uyoga wenyewe. Kuihifadhi nafsi ni amana.