Upote wa Wayo: Siri ya Kisigino Kinachouma Alfajiri

Mwalimu mmoja wa shule ya msingi ameniandikia. Akishuka kitandani alfajiri, kisigino kinamchoma kana kwamba amekanyaga msumari. Akifika shuleni maumivu yamepoa. Akishasimama ubaoni kutwa nzima, yanarudi. Anauliza kwa nini, na afanye nini.

Habari za uzito wa mwili, viatu vilivyoisha soli na ule mwiba wa mfupa unaoonekana kwenye eksirei ameshaambiwa, sitazirudia. Tuutazame ukanda wenyewe unaouma.

Unaanzia kwenye mfupa wa kisigino, unapita chini ya wayo, kisha unatawanyika hadi kwenye mashina ya vidole vyote vitano. Tuuiteje? "Utando" halifai, maana utando hufunika na huu unavuta. "Ukano" nalo lina kazi yake ya kuunga msuli na mfupa. Mimi nauita upote, ule uzi wa upinde. Mifupa ya wayo imejipinda kama upinde, na ukanda huu ndio uzi unaozuia ncha zake mbili zisiachane. Wawindaji wanalo neno hili tangu zamani; waganga nao walichukue.

Sasa tufike penye utamu. Mwaka 1954, huko Uingereza, mtafiti J. H. Hicks alionyesha kwamba upote huu hufanya kazi kama kamba ya kisima. Fikiria kisima chenye gogo lililolazwa juu ya mdomo wake, kamba imefungwa kwenye gogo, na pembeni kuna mkono wa kuzungushia. Ukizungusha, kamba inajiviringisha, inayobaki inakuwa fupi, na ndoo inapanda. Katika wayo, gogo ni vichwa vya mifupa iliyo nyuma ya vidole. Mkono wa kuzungushia ni vidole vyenyewe. Kamba ni upote. Na ndoo ni kisigino. Kila unapoinua kisigino ili upige hatua, vidole hubaki chini vikikunjika kuelekea juu. Hapo gogo limezungushwa: kamba inafupika, kisigino kinavutwa mbele, upinde unapanda, na wayo uliokuwa mlegevu unakuwa mgumu kama mti, tayari kuusukuma mwili. Hakuna msuli ulioamriwa kuinua upinde huo; hatua yenyewe imeuinua.

Jaribu sasa hivi. Kaa, weka mguu mmoja juu ya goti la pili, vuta kidole gumba cha mguu kuelekea muundi. Pitisha dole la mkono chini ya wayo: utaukuta upote umekaza kama uzi wa zeze.

Usiku wayo hulala umenyooka na vidole vimelegea. Hatua ya kwanza ya alfajiri inaukaza upote ghafla, na pale uliposhikamana na kisigino, penye nyuzi zilizochoka, ndipo panapolia. Nasema zilizochoka kwa makusudi. Mwaka 2003 Harvey Lemont na wenzake, Marekani, walichunguza kwa hadubini vipande vya ukanda huu kutoka kwa wagonjwa 50 waliopasuliwa. Ule uvimbe wa moto unaotajwa katika jina la kitabibu la ugonjwa huu hawakuuona. Waliona nyuzi zilizochakaa. Basi tunachotibu ni kamba iliyolika, na kamba iliyo hai huimarika ikipewa mzigo kwa kipimo.

Watafiti wa Denmark waliupa upote mzigo huo katika utafiti uliochapishwa mwaka 2015. Simama kwenye ngazi kwa mguu unaouma, kisigino kikiwa nje ya kidato, na kanga iliyoviringishwa chini ya vidole ili gogo lizunguke hadi mwisho. Panda kwa sekunde 3, tulia 2, shuka kwa 3. Fanya mara 12, pumzika, rudia hadi mizunguko mitatu, siku moja ndiyo, moja hapana. Ikiwa rahisi, beba mkoba wenye vitabu. Baada ya miezi mitatu waliofanya hivi walikuwa na nafuu kubwa kuliko walionyoosha tu. Kisigino kikifa ganzi au kikivimba, muone daktari kwanza.

Na alfajiri, Mwalimu, kabla nyayo hazijagusa sakafu, keti ukingoni mwa kitanda. Vuta vidole kuelekea muundi, hesabu hadi 10, achia, rudia mara 10. Kamba ya kisima huvutwa polepole kwanza, ndipo ndoo ipande.