Nani Kafukua Mchicha wa Mjomba?

Hadithi, hadithi! Nyinyi itikeni "hadithi njoo", nami naileta. Ila leo uongo tunaupunguza. Mjomba, Bibi na watoto mtakaowasikia humu nimewatunga mimi. Lakini nyayo, panya na ugonjwa nitakaoutaja vyote ni vya kweli. Vipo Nachingwea, vipo Ruangwa, na huenda vipo hata uani kwenu.

Alikuwapo Mjomba mmoja, mkazi wa Nachingwea mjini. Shamba lake la mikorosho na mahindi lilikuwa upande wa Ruangwa, na huko ndiko alikomtoa mbwa wake, Bobi. Shambani Bobi alikuwa na kazi inayoeleweka: nguruwe pori wakija usiku, ngedere wakija asubuhi, yeye ndiye mlinzi. Wakulima wengi wa kusini hufuga mbwa kwa sababu hiyo hiyo. Alipoletwa mjini, nguruwe hakuna, ngedere hakuna. Alikuta uzio wa mabanzi, matuta matatu ya mchicha na matembele, banda lake chini ya mwembe, na paka wa jirani.

Paka huyo aliitwa Pusi. Alikuwa wa kijivu mwenye milia, na habari za uzio hakuwa nazo kabisa. Mwenyewe ni Bibi wa nyumba ya pili, yule anayeuza vitumbua asubuhi.

Siku moja Mjomba aliamka akakuta tuta la mchicha limefukuliwa. Miche imelala, mizizi juu. Akashika kiuno.

"Paka yule! Leo namwacha Bobi wazi mchana kutwa. Akirudi tena hapa, atanitambua."

Siku hizo walikuwapo wapwa zake wawili, kaka na dada, wametoka Ruangwa kuja likizo. Dada alikuwa darasa la tano.

"Shikamoo Mjomba."

"Marahaba. Umeona alichonifanyia yule paka?"

"Nimeona mchicha, Mjomba. Paka sijamwona. Tuangalie nyayo kwanza?"

"Nyayo za nini tena? Si jana nimemwona amekaa hapa hapa?"

"Ulimwona amekaa. Anafukua hukumwona."

Mjomba akanyamaza. Mkubwa mwenye busara akisikia neno la maana hulipokea, hata likitoka kwa mtoto.

Haya, nanyi inameni hapo tutani mtazame. Udongo umelowa umande, kwa hiyo nyayo zimejichora vizuri. Zipo za aina mbili. Za kwanza ni ndogo za mviringo: vidole vinne, na nyuma yake kitako cha unyayo. Mbele ya vidole hakuna alama ya kucha hata moja. Hizo ni za paka. Paka akitembea huzirudisha kucha zake ndani, kama kisu kwenye ala, ndiyo maana hazilikwi na ardhi na hubaki kali. Nyayo za pili ni kubwa, zimerefuka kidogo, na mbele ya kila kidole kuna kitobo. Hizo ni za mbwa, maana kucha za mbwa hazirudi ndani.

Nyayo za paka zilianzia kwenye uzio zikaishia pembeni mwa tuta. Hapo palikuwa na kichuguu kidogo cha udongo kilichosawazishwa. Mnajua ni nini? Paka akijisaidia hufukia. Lakini lile shimo kubwa katikati, lile lililong'oa miche, lilizungukwa na vitobo vya kucha pande zote.

Kaka mtu akaziba mdomo asicheke. "Mjomba, aliyefukua ni Bobi."

Bobi alikuwa amekaa karibu, pua ina udongo, anatikisa mkia.

Kisa kilikwenda hivi. Kama ilivyo kwa wafugaji wengi, Mjomba humfunga Bobi mchana na kumfungua usiku. Jioni Pusi aliingia, akajisaidia, akafukia vizuri, akaenda zake. Usiku Bobi akapita, akanusa, akaona hapa kuna jambo, akachimba kulitafuta. Mbwa huishi kwa pua. Ukimfukia kitu chenye harufu, umempa kazi. Kwa hiyo washitakiwa walikuwa wawili, na mmoja wao alikuwa wa nyumba ile ile ya mlalamikaji.

Swali likabaki moja: Pusi anafuata nini kwa Mjomba, ilhali anajua yupo mbwa? Yule dada hakukimbilia kujibu. Alizunguka ua wote taratibu, akapata mambo matatu.

La kwanza ni udongo wenyewe. Tuta lililolimwa juzi ni laini, na jioni kabla ya umande huwa kavu juu. Paka akitafuta choo hutafuta udongo wa namna hiyo. Uani kwa Bibi kumesakafiwa saruji kwa ajili ya biashara ya vitumbua. Pusi angefukia wapi?

La pili ni sahani ya Bobi. Kila jioni Mjomba humwekea ugali na vichwa vya dagaa. Bobi hasafishi sahani siku zote. Masalia hukaa nje mpaka asubuhi, na harufu ya dagaa haijui mpaka wa jirani.

La tatu lilikuwa ghalani. Mjomba alikuwa na magunia ya mbaazi na karanga, na magunia mawili ya ufuta yaliyosubiri kupelekwa chama cha msingi. Nchi yetu ya Ruangwa, Nachingwea na Liwale ina chama kikuu cha ushirika kinachoitwa RUNALI, na mazao kama korosho na ufuta hukusanywa kwenye maghala, kisha huuzwa kwa mnada. Kabla gunia halijafika huko, hukaa nyumbani, na likiwa nyumbani panya hulifanya lake. Gunia moja la Mjomba lilikuwa limetobolewa chini, maganda ya karanga yametapakaa sakafuni. Karanga ni jambo la zamani Nachingwea: kuanzia mwaka 1947 Waingereza walifyeka misitu kupanda karanga kwa matrekta, wakajenga hata reli kutoka pwani, na kufikia mwaka 1951 mradi ulikuwa umeshindwa. Panya wao hawahitaji trekta wala reli, gunia moja linawatosha.

Hapo sasa tumefika penyewe. Panya huzungumza kwa milio myembamba ambayo masikio yetu hayaisikii. Ya paka huisikia. Sisi tumelala, Pusi aliyeko ng'ambo ya uzio anasikia karamu ghalani kwa Mjomba. Na hivi ndivyo paka walivyoanza kuishi na watu tangu mwanzo. Watu wa kale wa Mashariki ya Kati walipoanza kulima na kuweka nafaka, panya waliifuata nafaka, na paka pori wakawafuata panya. Katika kisiwa cha Cyprus wachimbaji wa mambo ya kale walikuta kaburi la mtu aliyezikwa pamoja na paka wake, na kaburi hilo lina umri wa miaka kama 9,500. Pusi alikuwa akifanya kazi ya ukoo wake. Kosa lake ni kwamba hakupiga hodi.

"Basi kama ni mwema hivyo," Mjomba akasema, "mbona yeye na Bobi hawaelewani?"

Hawaelewani kwa sababu mkia mmoja una maana mbili. Mbwa akiutikisa mkia mara nyingi amefurahi, anataka mchezo. Paka akiupigapiga mkia amekasirika, anasema niondokee. Bobi akimwona Pusi anapiga mkia hudhani kaitwa kucheza. Anasogea, Pusi anakimbia, na kwa mbwa wa shamba kitu kinachokimbia ni kitu cha kukimbizwa. Akimbana kwenye kona, Pusi atageuka kwa kucha zote, na kucha hizo hulenga usoni. Mbwa anaweza kupoteza jicho, paka anaweza kupoteza maisha. Ndiyo maana kumwachia mbwa paka wa jirani hakujawahi kumfundisha paka adabu. Kunazaa kesi mbili badala ya moja.

Kulikuwa na rafiki wa Mjomba aliyepita akashauri, "Tia sumu ya panya kwenye dagaa, mambo yaishe." Mjomba alikataa, nanyi mkisikia ushauri huo ukataeni. Sumu haichagui. Ataila kuku, ataila Bobi mwenyewe, na mtoto anayetambaa anaweza kuiokota. Paka akila panya aliyekula sumu naye huweza kufa, na mkishaua paka wote mtaani panya watabaki na nani? Zaidi ya hayo, Tanzania ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008. Kumtesa mnyama ni kosa, hata kama ni wa jirani, hata kama kakuudhi.

Jioni Mjomba na wapwa zake wakaenda kwa Bibi. Bobi aliachwa kafungwa, na kuna sababu. Bibi ni Mwislamu, kama walivyo watu wengi wa mkoa wa Lindi. Kwa madhehebu ya Shafii, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa pwani yetu, mate ya mbwa ni najisi: chombo alichokilamba huoshwa mara saba, mara moja kati ya hizo kwa udongo. Paka hana hukumu hiyo, huruhusiwa kuzunguka ndani na kulala kwenye mkeka. Kumpelekea Bibi mbwa mlangoni karibu na saa ya swala si utani mzuri. Ukitaka kusikilizwa na jirani, anza kwa kuheshimu kinachomgusa.

"Hodi, Bibi."

"Karibuni, wanangu. Kuna heri?"

"Heri, Bibi. Tumekuja kwa habari ya Pusi na Bobi."

Mjomba alianza na kosa la kwake: sahani na magunia. Kisha akasema la tuta. Bibi, aliyekuwa amekwisha kaa mkao wa kujibu mashitaka, akashusha pumzi. Naye akasema lake: Bobi hubweka alfajiri mpaka mjukuu wake mchanga anaamka. Wakayaweka yote mezani, na walipotoka walikuwa wamekubaliana.

Bibi aliweka karai la mchanga mkavu nyuma ya nyumba, akawa analisafisha kila siku, na Pusi akapata choo kwao. Pia akaahidi kumwita afisa mifugo amhasi Pusi, kwa kuwa dume lililohasiwa hupunguza kuzurura na kunyunyiza mkojo kwenye kuta za watu. Mjomba alilaza matawi ya miba juu ya matuta mapya na kumwagilia jioni, maana paka hapendi kufukua udongo uliolowa. Sahani ya Bobi ikawa inaoshwa mara anapomaliza kula. Magunia yakapandishwa juu ya chaga, mbali na ukuta. Na siku ambazo panya wamezidi, Mjomba mwenyewe alimwomba Bibi amwazime Pusi usiku, Bobi akiwa kafungwa. Mchicha nao, kwa sababu kinyesi cha paka huweza kuwa na vimelea ambavyo ni hatari hasa kwa mama mjamzito, ukawa unaoshwa vizuri kwa maji safi kabla ya kupikwa.

Limebaki jambo moja, nalo ni kubwa kuliko mchicha. Mbwa na paka wakipigana, wakaumana, huweza kuambukizana kichaa cha mbwa. Jina lisiwadanganye: paka naye huugua, na binadamu pia. Mwaka 2010 Tanzania ilianza mradi mkubwa wa kupambana na ugonjwa huu kusini mashariki mwa nchi, mikoa ya Lindi na Mtwara ikiwemo, ukiratibiwa na Shirika la Afya Duniani. Wataalamu waliofuatilia ugonjwa katika mikoa hii miwili waligundua kwamba mbali na mbwa, mbweha wengi pia huupata. Kwa hiyo mbwa anayekwenda shamba la Ruangwa na kurudi Nachingwea anapita mahali penye hatari. Kinga ipo: chanjo. Mahali ambapo angalau mbwa 70 kati ya kila 100 wamechanjwa, ugonjwa hukosa pa kupita. Mjomba na Bibi walikwenda kwa afisa mifugo siku moja, Bobi kwa kamba, Pusi ndani ya tenga, na wote wawili wakachomwa sindano.

Sasa nanyi mnaosoma, sikilizeni. Ukiumwa au kukwaruzwa na mbwa au paka, hata kama ni wa kwenu, hata kama kidonda ni kidogo, usifiche kwa kuogopa kufokewa. Osha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15. Usipake majivu wala pilipili. Mwambie mkubwa papo hapo, mwende kituo cha afya, na ukianzishiwa sindano uzimalize zote. Dalili za kichaa cha mbwa zikishaanza kwa mtu, karibu hakuna anayepona, lakini anayetibiwa mapema kabla ya dalili huokoka.

Na kesho asubuhi, kabla hamjamrushia jiwe paka wa jirani, zungukeni ua wenu. Tazameni nyayo, tazameni sahani ya mbwa, tazameni magunia. Kisha waulizeni wazazi: mbwa wetu alichanjwa lini?