Nyumba ya Mawe Haipendi Saruji



Miongoni mwa mambo yanayozungumzwa sana barazani kwetu hapa Uingereza, baada ya habari za harusi na misiba, ni nyumba ya wazee iliyoko Mji Mkongwe wa Unguja. Huyu ya kwao iko Malindi, yule Kiponda, mwengine Mkunazini. Kila likizo jamaa hurudi na picha: plasta imeporomoka, dari imeinama, choo cha juu kinavuja hadi ukumbi wa chini. Hapo hupitishwa mchango, pauni hukusanywa, na fundi huambiwa aanze kazi. Makala haya yanakusudia kueleza jambo ambalo aghalabu husahauliwa katika pilikapilika hizo, nalo ni kwamba nyumba ya mawe ina maumbile yake, na fedha zikitumika kinyume cha maumbile hayo huweza kuiangusha upesi zaidi kuliko ambavyo ingeanguka kama isingeguswa.

Tuanze na ukuta. Wazee wetu walijenga kwa mawe ya matumbawe, vipande visivyo na umbo maalumu, wakaviunganisha kwa chokaa iliyochanganywa na mchanga na udongo mwekundu. Ukuta huo ni mnene, mara nyingi nusu mita au zaidi, lakini si mgumu kama wengi wanavyodhani. Ni kitu chenye vitundu, kinachonywa maji na kuyatoa. Masika huupiga kwa nje, unyevu wa ardhini huupanda kwa chini, kisha jua na upepo huukausha. Chokaa ndiyo inayouwezesha kupumua namna hiyo. Tena chokaa ni laini kiasi. Nyumba ikijisogeza kidogo juu ya msingi wake, nayo hujisogeza pamoja nayo, na nyufa zinazotokea huwa ndogondogo.

Saruji ina tabia nyengine kabisa. Hatuisemi vibaya, kwani nyumba za Mbweni na Kiembesamaki zimejengwa kwayo na zimesimama. Lakini ikipakwa juu ya ukuta wa chokaa huufunga pumzi. Maji yaliyomo ndani hukosa pa kutokea, hivyo hupanda juu zaidi, yakibeba chumvi. Chumvi ile inapokauka nyuma ya plasta hufanya chembechembe zinazotanuka na kuisukuma nje, na siku plasta inapobanduka hutoka na uso wa jiwe. Ndiyo sababu ukuta uliopigwa saruji mwaka juzi huonekana leo mchafu kuliko ule wa jirani ambao haujaguswa tangu enzi za babu. Mwenye nyumba akiona hivyo huagiza saruji zaidi, na mara nyengine huongeza rangi ya plastiki juu yake, ambayo nayo huzuia pumzi iliyobaki.

Asiyesadiki haya na aitazame nyumba anayopanga hapa. Nyumba nyingi za matofali zilizojengwa Uingereza kabla ya 1919 ziliunganishwa kwa chokaa, na kuta zake hazina uwazi wa kati. Mafundi wanaozifahamu huonya dhidi ya kuzipiga saruji kwa sababu hiyo hiyo, na chokaa ya kuzitengenezea inauzwa hapa mpaka leo. Si ajabu ndogo kwamba jambo ambalo Mwingereza analihifadhi kwake, sisi tunaliita ushamba likiwa kwetu. Methali ya ufa na ukuta wote tunaijua, ila haikutaja ufa uzibwe kwa kitu gani.

Madhara makubwa zaidi hayaonekani ukutani. Yako ndani yake, pale zinapoingia ncha za boriti. Kila dari la nyumba zetu limebebwa na boriti za mikoko zilizopangwa karibu karibu kutoka ukuta mmoja hadi wa pili, na juu yake mawe na chokaa vikashindiliwa. Urefu wa boriti ndio ulioamua upana wa vyumba, na ndiyo maana vyumba vyetu ni virefu na vyembamba, kiasi cha mita mbili na nusu hadi tatu kwa upana. Boriti kama hizo, kutoka Rufiji na Lamu, zilipakiwa majahazini na kusafirishwa kwa upepo wa kusi hadi Maskati, Bahrain na Kuwait, ambako miti mizuri ya kujengea ni adimu. Wenye jamaa huko watakuwa wameona dari za nyumba kongwe zilizopangwa vivyo hivyo.

Mti wa mkoko ni mgumu na huishi miaka mingi ukiwa mkavu. Ukuta uliozibwa kwa saruji huuweka ukilowa mfululizo, na ncha iliyo ndani ya jiwe huanza kuoza pasipo mtu kuiona. Katikati ya chumba boriti huonekana nzima kabisa, imepakwa rangi, inapendeza. Nayo imeshikiliwa na sentimita chache za unga. Mchwa hufuata unyevu huo huo.

Sasa weka uzito juu yake. Familia moja tunayoifahamu, ambayo hatutaitaja, ilituma fedha ili ghorofa ya kwanza ipambwe kwa ajili ya harusi. Fundi alimwaga saruji ya unene wa sentimita tano juu ya sakafu ya zamani, akaweka vigae, akaongeza choo na bafu pembeni, na juu ya paa akapandisha tangi la lita 1,000. Tufanye hesabu ambayo hakuna aliyeifanya siku ile. Saruji ya unene huo pamoja na vigae ina zaidi ya kilo 100 kwa kila mita moja ya mraba. Chumba cha mita tatu kwa tano kimeongezewa tani moja na nusu. Tangi likijaa ni tani nyengine moja, kwa maji peke yake. Harusi ilifana na picha zilisambaa. Masika ya pili, sakafu ilishuka upande wa bafu kwa kiasi cha shubiri. Shangazi yao aliyekuwa akiishi humo alihamia kwa binti yake, na mpangaji wa duka la chini akaondoka. Ilipofunguliwa plasta, boriti tatu zilikuwa zimeoza ncha, na bomba la bafu lilikuwa likivuja ndani ya ukuta tangu siku lilipofungwa. Gharama ya kulijenga upya dari lile ilizidi gharama ya mapambo yote.

Hatari nayo haimalizwi kwa kazi kuanza. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya mbele ya Beit al-Ajaib, jengo la mwaka 1883, iliporomoka wakati matengenezo yakiendelea, na watu wawili wakapoteza maisha. Jengo lile limejengwa kwa namna tofauti na nyumba zetu na hatulinganishi sababu. Tunakumbusha tu kwamba nyumba kongwe iliyofunguliwa ni dhaifu kuliko iliyofungwa. Hakuna boriti ya kutolewa, wala ukuta wa kutobolewa mlango, kabla dari halijashikizwa kwa magogo imara kutoka sakafu ya chini kabisa. Na wale wanaopenda kuvunja ukuta wa kati ili wapate sebule kubwa kama za hapa wafahamu kwamba ukuta huo mara nyingi ndio uliobeba boriti za pande mbili.

Basi kazi ipangwe vipi? Rai yetu ni kwamba ianze juu, kwenye paa, na ishuke na maji. Mtu akiwa na pauni 500 tu mwaka huu, asizipeleke kwenye vigae wala rangi. Azipeleke kwenye mabati yaliyotoboka, kwenye mfereji wa kukusanya maji ya paa, na kwenye bomba la kuyatoa maji hayo mbali na mguu wa ukuta. Baada ya hapo yatazamwe mabomba ya choo na bafu. Yapitishwe mahali yanapoonekana, hata kama hayapendezi, kwa kuwa bomba lililo wazi likivuja hujulikana siku hiyo hiyo. Ndipo zije boriti, kisha plasta, na mapambo yawe ya mwisho. Tunajua kwamba mpango huu hautoi picha nzuri ya kuwaonesha watu kwa miaka miwili ya mwanzo.

Kabla ya hayo yote kuna suala ambalo ndugu hulikwepa: nyumba ni ya nani? Baada ya Mapinduzi ya 1964 nyumba nyingi za Mji Mkongwe zilichukuliwa na serikali. Nyengine ni za wakfu, na hizo husimamiwa na Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana. Zilizobaki mikononi mwa familia aghalabu ni za warithi wengi ambao mirathi yao haijagawanywa, na baadhi yao wako Maskati, Dubai na Toronto. Anayetuma fedha peke yake hudhani kwamba ananunua sauti. Wenziwe hudhani kwamba anatoa sadaka. Tumeshuhudia ndugu wakigombana zaidi kwa nyumba iliyotengenezwa kuliko iliyobomoka. Iandikwe karatasi, itiwe saini na warithi wote, wanawake kwa wanaume, ieleze nani ametoa kiasi gani na kama kitarejeshwa kutokana na kodi au la. Atakayesimamia huko nyumbani apewe hati ya uwakala, na anayeishi ndani ya nyumba aulizwe kabla ya fundi kuingia. Bibi aliyekaa humo miaka arobaini anajua mvua inaingilia wapi kuliko mkandarasi yeyote.

Kibali nacho hakikwepeki. Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe iliundwa mwaka 1985, na mwaka 2000 mji wenyewe uliingizwa katika orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia. Kubomoa, kuongeza ghorofa, kubadili madirisha, milango au sura ya nje si jambo la mwenye nyumba na fundi wake pekee. Wapo wanaolalamika kwamba kibali huwachelewesha. Huenda, lakini ombi la kibali humlazimisha mtu achore anachotaka kufanya, na mchoro huo ndio utakaomsaidia siku ya hesabu. Kadhalika mlango wa nakshi uorodheshwe na upigwe picha kabla ya kazi kuanza, pamoja na makomeo na njumu zake.

Ama kuhusu fedha, zisitumwe kwa mkupuo. Kazi igawanywe sehemu, kila sehemu iwe na bei yake, na malipo yafuate kazi iliyokaguliwa. Siku hizi picha hufika kwa simu kabla fundi hajanawa mikono, lakini picha nayo yataka kuagizwa. Usikubali picha ya chumba kilichokwisha kupakwa rangi. Agiza picha ya kila ncha ya boriti kabla haijafunikwa, futi kamba ikiwa kando yake. Msimamizi achukue msumari mrefu aukandamize kwenye mti karibu na ukuta. Ukizama kwa urahisi, boriti hiyo imekwisha. Boriti mpya zinunuliwe kwa muuzaji mwenye kibali, kwa kuwa mikoko haikatwi ovyo, na zisiwe mbichi. Mchanga usiwe wa pwani usiooshwa, maana chumvi yake itakurudisha pale pale ulipotoka, na penye nondo italeta kutu.

Kuhusu fundi mwenyewe, ulizo la kwanza lisiwe bei. Liwe hili: umepiga chokaa nyumba gani, na twende tukaione. Mafundi wanaoijua kazi hiyo wapo. Baadhi yao walifunzwa katika matengenezo makubwa ya miaka ya 1990, kama yale ya jengo la zahanati ya zamani pale Mizingani. Fundi atakayesema kwamba chokaa imepitwa na wakati, au atakayetaka kuongeza "saruji kidogo tu ili ishike", mshukuru na utafute mwengine.

Chokaa yenyewe haitaki haraka. Jiwe la matumbawe huchomwa tanurini, likazimwa kwa maji, na chokaa ile ikalazwa shimoni ikiwa imefunikwa na maji. Wiki kadhaa ni chache, miezi ni bora. Watoto wawekwe mbali, kwani huunguza ngozi na macho. Plasta hupigwa kwa tabaka nyembamba za kiasi cha sentimita moja, sehemu moja ya chokaa kwa tatu za mchanga safi, na tabaka la pili lisubiri la kwanza lishike. Chokaa hukazika kwa kunyonya hewa polepole, nayo haipendi kukaushwa kwa jua kali. Kwa hiyo wakati mzuri ni kuanzia Juni, masika yakishapita, na kazi ya nje imalizike kabla ya vuli kuingia Oktoba. Anayekusudia kupiga plasta mwaka ujao aagize chokaa yake mapema, ilale shimoni msimu mzima wa masika, na achague tangu sasa nani katika familia atakayekuwapo asubuhi na jioni, kwa muda wa wiki nzima baada ya kila tabaka, kuurashia ukuta maji na kuufunika kwa magunia yaliyoloweshwa.