Risasi na Swala: Maelezo kwa Wenye Bunduki Wanaokwenda Kuwinda Bara

Wananchi wenye leseni za bunduki, pamoja na wale wanaokusudia kuvuka kwenda Bara kwa uwindaji halali, wanaarifiwa kwamba ukurasa huu unazungumzia jambo linaloulizwa mara kwa mara, nalo ni namna risasi inavyofanya kazi inapompata mnyama wa kimo cha swala. Maelezo haya si leseni wala si ruhusa. Mambo ya wanyamapori kwa upande wa Bara yanatawaliwa na Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori Namba 5 ya 2009, ambayo haitumiki Zanzibar, na mwenye kibali cha huku hana haki ya kupiga hata sungura kule mpaka apate kibali cha mamlaka ya huko.

Mfano tuliouchagua ni kijiji cha Robanda, Wilaya ya Serengeti, Mkoa wa Mara. Kijiji hiki cha Waikoma kiko jirani na Hifadhi ya Taifa ya Serengeti, iliyoanzishwa mwaka 1951, wala hakiko mbali na lango la Ikoma. Kila mwaka, baina ya Mei na Julai, nyumbu wanaoelekea kaskazini hupita pande hizo kwa makundi makubwa, na nyumbu wa Serengeti kwa jumla hukisiwa kuwa zaidi ya milioni 1. Pamoja nao wapo swala pala, swala tomi, swala granti, nyamera na kongoni.

Mpaka wa Hifadhi hauna ukuta. Mnyama aliyepigwa vibaya nje ya mpaka huweza kukimbia kilomita 2 au 3 na kuingia ndani, na hapo mwindaji, hata akiwa na leseni mfukoni, hana ruhusa ya kumfuata na bunduki yake. Nyama imepotea, risasi imepotea, na katika uwindaji wa leseni mnyama aliyejeruhiwa huhesabiwa sawa na aliyeuawa. Mnyama mwenyewe huenda akaishi na donda siku kadhaa mpaka fisi wammalize. Kwa hivyo suala la risasi ipi itumike na ipige mahali gani, kwa pande hizo, si la mazungumzo ya barazani tu.

Wazee wa Kiikoma waliwinda kwa mashimo, mitego na mishale ya sumu. Sumu hiyo, itokanayo na mti wa msunguti, hushambulia moyo. Mshale wenyewe haukuhitaji kuua. Ilitosha upenye ngozi na kuingia nyamani, kisha mwindaji akafuata nyayo kwa subira mpaka sumu itimize kazi. Sheria ya sasa inakataza sumu katika uwindaji. Tunaitaja kwa sababu inasaidia kufahamu risasi kwa kinyume chake. Risasi haina sumu. Haiui kwa kelele, wala kwa moto, wala kwa kishindo kama wengi wanavyodhani. Inaua kwa kutoboa viungo vinavyobeba damu na pumzi, au kwa kukata ubongo na uti wa mgongo. Ikikosa viungo hivyo, ukubwa wa bunduki hauna faida.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990, mradi wa uhifadhi wa kanda ya Serengeti ulianzisha uwindaji wa pamoja kwa vijiji vilivyopakana na Hifadhi upande wa magharibi. Nyumbu walipigwa kwa bunduki chini ya usimamizi, na nyama ikauzwa kwa wanavijiji kwa bei nafuu. Gharama za gari, mafuta na risasi zilikuwa mzigo mkubwa kuliko mapato ya nyama. Katika hesabu ya namna hiyo, kila risasi inayojeruhi bila ya kuangusha ni hasara ya papo kwa papo.

Sasa tuitazame risasi yenyewe. Lugha yetu imetupa neno moja kwa vitu viwili: madini ya risasi, na kile kinachotoka mtutuni. Risasi ya raifo, kwa kawaida, ni kipande cha madini hayo kilichovishwa gamba la shaba. Zipo zilizovishwa gamba zima mpaka nchani. Hizi ndizo za kivita. Na zipo ambazo ncha imeachwa wazi, laini, ili inapogusa nyama ifunguke mfano wa uyoga. Risasi ya milimita 7.62 ya ncha laini huweza kutanuka mpaka kiasi cha milimita 15, na njia inayoipasua ndani ya mwili huwa pana kwa kadiri hiyo.

Hapa pana jambo la kustaajabisha. Risasi zinazotanuka zilipata umaarufu katika miaka ya 1890 kutokana na kiwanda cha silaha cha Dum Dum, karibu na Calcutta, na mwaka 1899 mkutano wa The Hague ukazikataza vitani kwa sababu ya majeraha yake. Kwa mnyama hukumu inageuka. Risasi ya gamba zima hupita ndani ya swala kama sindano, ikaacha tundu dogo linalojiziba, na swala akaondoka. Mbaya zaidi, nyumbu hutembea kwa makundi. Risasi isiyofunguka hutoka upande wa pili ikiwa bado na nguvu, ikampata wa pili ambaye hakukusudiwa, na mwindaji asijue. Silaha za kivita haziruhusiwi kwa uwindaji, na sababu si usalama wa raia peke yake.

Nguvu ya risasi hutokana na uzito na mwendo, na mwendo ndio wenye uzito zaidi katika hesabu: ukizidisha uzito mara 2, nguvu huzidi mara 2, ukizidisha mwendo mara 2, nguvu huzidi mara 4. Risasi ya .30-06, iliyobuniwa Marekani mwaka 1906, ikiwa na uzito wa gramu 11.7 hutoka mtutuni kwa mwendo wa mita 820 hivi kwa sekunde, na nguvu yake hukaribia juli 3,900. Hiyo inatosha kabisa kwa swala pala wa kilo 50 au 60, na kwa nyumbu wa kilo 200 iwapo imewekwa mahali pake. Risasi ya .22 ndogo, ambayo baadhi ya watu huipenda kwa kuwa haina kelele, nguvu yake aghlabu haifiki hata juli 200. Kumpigia swala risasi hiyo ni kumtesa. Kwa upande wa pili, bunduki ya .375, iliyotolewa na Holland & Holland mwaka 1912, ndiyo kiwango cha chini kinachotakiwa kwa wanyama wa hatari kama nyati; ukiitumia kwa swala na risasi ngumu isiyofunguka, utapata tundu jembamba lile lile tulilolitaja.

Masafa nayo yana hukumu yake. Risasi ya ncha laini inahitaji mwendo ili ifunguke. Ukishuka chini ya mita 550 hivi kwa sekunde, risasi nyingi za raifo hufunguka kwa shida au zisifunguke kabisa. Kinyume chake, risasi nyepesi yenye mwendo mkali, ikipiga mfupa wa bega la nyumbu kwa karibu, huvunjika vipande juu juu na kufanya donda pana lisilofika ndani. Ndiyo maana wawindaji wazoefu huchagua risasi nzito kiasi, yenye gamba nene upande wa nyuma.

Ama mahali pa kupiga, ni nyuma ya bega, theluthi ya chini ya kifua, mnyama akiwa amesimama ubavu. Hapo pana mapafu, na moyo uko chini yake. Nyumbu huwahadaa wageni. Mabega yake yako juu na manyoya ya shingo huongeza kimo, basi mtu hulenga katikati ya anachokiona na risasi ikapita juu ya mapafu. Ikigonga ncha za mifupa ya uti juu ya mabega, nyumbu huanguka chini kama gogo. Mwindaji hushangilia, huweka bunduki begani, na baada ya muda mfupi nyumbu huinuka akakimbia. Anayeanguka ghafla namna hiyo asogelewe kwa tahadhari, bunduki ikiwa tayari. Aliyepigwa mapafu sawasawa, kwa kawaida, hukimbia sekunde 10 au 15, ambazo kwa swala ni zaidi ya mita 100, kisha huanguka. Kukimbia kwake si dalili ya kukosa. Damu nyekundu yenye povu ni ya mapafu. Damu iliyochanganyika na majani yaliyotafunwa ni ya tumbo, na hiyo ni khabari mbaya, kwani mnyama huyo atakwenda mbali.

Kwa wasomaji Waislamu, ambao ndio wengi Visiwani, lipo suala la uhalali wa nyama. Ukurasa huu hautoi fatwa. Mwenye haja aiulize Ofisi ya Mufti. Itoshe kukumbusha kwamba katika hadithi ya Adi bin Hatim, Mtume (S.A.W.) alitofautisha kinachopenya na kinachopiga kwa ubapa, na akakataza mnyama aliyekutwa amezama majini kwa kuwa haijulikani kilichomuua. Wanavyuoni wamekhitilafiana juu ya risasi: wapo walioihesabu kuwa kitu kinachoponda, na wapo waliohalalisha kwa kuwa inapenya. Aliye na shaka humkimbilia mnyama akiwa yu hai na kumchinja. Hata hivyo wapo wanaompiga mnyama miguuni makusudi ili apatikane hai, wakidhani huo ndio ucha Mungu. Mnyama wa miguu 4 hukimbia kwa 3, na yule yule aliyeamrisha kuchinja ameamrisha ihsani kwa anayechinjwa. Kwa Robanda, swala wa namna hiyo huingia Hifadhini kabla ya kisu kutoka alani.

Jambo jingine ni madini yenyewe. Risasi ya ncha laini inapofunguka huacha chembe ndogo ndani ya nyama, na picha za eksirei zilizopigwa Marekani kwa mizoga ya kulungu zimeonesha chembe hizo zikisambaa hata kuvuka shubiri moja kutoka kwenye tundu. Madini haya hudhuru ubongo wa mtoto na mimba. Nyama ya pambizo ya tundu ikatwe kwa upana na ifukiwe. Isiachwe mbugani, kwani tai nao hudhurika. Zipo sasa risasi za shaba tupu zisizoacha chembe za madini hayo, ingawa bei yake ni kubwa.

Mwisho, wenye bunduki za marisau. Marisau ni duara, hupoteza mwendo haraka, na kila punje huenda njia yake. Hata yale makubwa hayana uhakika kwa mnyama wa kimo cha swala pala baada ya mita 30 hivi, na yasitumiwe kwa nyumbu. Huku kwetu, paa nunga, ambaye uzito wake hauzidi sana kilo 12, ni mnyama adimu asiyeruhusiwa kuwindwa kwa marisau, wavu wala mbwa. Mwananchi anayehitaji maelezo zaidi juu ya wanyama wa Unguja na Pemba afike kwa Sheha wake au katika ofisi ya misitu ya Wilaya yake wakati wa saa za kazi.