Dawa ya Picha Haipimwi kwa Kijiko cha Chai

Leo tunaingia jikoni mwako, lakini si kwa habari ya chakula. Kuna vijana waliorudia kamera za filamu, nao huchanganya wenyewe nyumbani dawa ya kusafishia picha nyeusi na nyeupe. Kijana wako akikuomba kijiko na jagi la jikoni, mnyime. Anunue vyake.

Mchanganyiko mmoja unaojulikana sana, D-76, kwa lita 1 huwa na gramu 2 za metoli, gramu 100 za sodiamu salfaiti, gramu 5 za haidrokwinoni na gramu 2 za boraksi. Hebu tazama hizo gramu 2. Mizani ya jikoni inayohesabu gramu moja moja hukosea sana hapo. Kijiko ndicho kidanganyifu zaidi, kwani unga mwepesi na unga mzito hukijaza sawasawa, ilhali uzito ni tofauti. Filamu ikiharibika atamwaga na kuchanganya upya, na sumu izidi nyumbani. Atafute mizani ndogo kama ya sonara, inayoonyesha sehemu ya kumi ya gramu, na kila unga aupime juu ya karatasi yake. Katika maji ya moto ya nyuzi 50 atie chembe ya salfaiti, kisha metoli, ndipo salfaiti iliyobaki, kwa maana metoli haiyeyuki vizuri penye salfaiti nyingi.

Haidrokwinoni ndiyo ile ile inayotiwa katika baadhi ya mikorogo ya kujichubua ngozi. Metoli nayo huwaletea watu wengine upele na mwasho mikononi. Kwa hivyo avae glavu, afungue dirisha, na watoto wakae nje.

Ninachokiogopa zaidi ni chupa ya soda. Dawa hii ikiwa mpya ni angavu kama maji. Ikichakaa huwa kama strungi. Mtoto wa miaka 3 mwenye kiu atajuaje? Itiwe katika chupa isiyo ya kinywaji, iandikwe jina na tarehe, ifungiwe kwa kufuli.

Ikimrukia mtoto jichoni, lisafishe kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika 15, kisha mpeleke hospitali. Akiinywa, usimtapishe wala usimpe maziwa. Msukutue kinywa, umkimbize hospitali, na ubebe ile chupa pamoja na pakiti za unga ili daktari asome alichokunywa.