Mgodi wa Risasi wa Virginia na Watu Waliouchimba



Wengi wetu tulioko Arlington, Alexandria na Fairfax tunakaa Virginia, lakini historia yake tunaishia Mount Vernon tu. Leo naomba niwapeleke mbali kidogo, kusini-magharibi ya jimbo hilihili, kando ya New River, mahali paitwapo sasa Austinville. Hapo palichimbwa risasi. Nakusudia madini yenyewe, ambayo Kiswahili kimeyapa jina moja na kile kinachotoka kwenye bunduki, na kwa mgodi huu hatukukosea.

Aliyeuanzisha ni John Chiswell, mwaka 1756, akishirikiana na William Byrd wa Tatu na John Robinson, Spika na mweka hazina wa koloni. Robinson alipofariki 1766 ikafichuka kwamba alikuwa amewakopesha rafiki zake zaidi ya pauni 100,000 za hazina, na mgodi nao ukapata fungu lake. (Kumbe ufisadi haukuanzia kwetu jamani!) Ilipokuja Vita ya Uhuru, serikali ya Virginia ikauendesha yenyewe.

Uendeshaji wake ulikuwaje? Thomas Jefferson ameueleza katika Notes on the State of Virginia. Mwamba ulipasuliwa kwa baruti. Mawe yalibebwa kwa mikokoteni robo maili hadi mtoni, yakavushwa kwa mitumbwi, yakapakiwa tena mikokoteni mpaka kwenye tanuri lililokuwa ng'ambo. Sababu eti huko kulikuwa na kijito kizuri cha kuendesha kinu cha kupondea mawe! Ratili 100 za mawe yaliyooshwa zilitoa kama ratili 60 za risasi. Kutoka tanurini mzigo ulisafiri maili 130 za barabara hadi mto James, na karibu nyingine kama hizo kwa maji mpaka Westham, jirani na Richmond. Sasa hebu piga hesabu, nani alipe nauli ya ratili 40 za takataka? Lazima iyeyushwe kwanza.

Kwa kawaida zilipatikana tani 20 hadi 25 kwa mwaka, na mwaka mzuri 60. Kazi ilitosha watu 50, wakawepo 30 tu, nao wakijilimia mahindi yao wenyewe.

Miongoni mwa wachimbaji walikuwemo watumwa. Novemba 1775 gavana wa Mwingereza, Lord Dunmore, aliwaahidi uhuru watumwa wa waasi watakaompigania Mfalme. Baadhi ya waliomkimbilia walikamatwa na kupelekwa mgodini, wakatoe risasi za kupigania uhuru wa mabwana zao.

Msimamizi mmoja wakati wa vita alikuwa Kanali Charles Lynch. Mwaka 1780 wafuasi wa Mfalme walipopanga kuuteka mgodi, yeye na wenzake waliwahukumu na kuwachapa viboko bila mahakama halali. Mwaka 1782 Bunge la Virginia likapitisha sheria ya kumkinga asishtakiwe. Mwaka 1783 Bunge hilohilo likapitisha nyingine, ya kumwacha huru mtumwa mmoja aitwaye Aberdeen, kwa kuwa alitumikia miaka kadhaa kwenye mgodi wa risasi. Kati ya watumwa wa mgodi, sheria hiyo ilimtaja yeye peke yake.